Taa ya Vifaranga na Betri za Shangazi Aikande

Fundi Rogati alipong'oa kifuniko cha kompyuta ya mwanangu, harufu iliyotoka ndani ilinifanya nishike ukingo wa mlango. Haikuwa harufu ya kuungua. Ilikuwa harufu ya vumbi lililolala na unyevu, na chini yake kitu kikali kidogo, kama ulimi ukigusa msumari. Harufu ile naijua. Nilikutana nayo nikiwa mtoto, nyuma ya redio ya baba, na baada yake tukampoteza mtu.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, vitu vya nje vimejaa madukani Moshi mjini, na kahawa yetu haina anayeitazama. Mwanangu Aminiel aliileta kompyuta kutoka Dar es Salaam ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Akaiweka katika chumba tulichokuwa tukihifadhia kahawa, maana magunia yalishakwisha na chumba kilibaki kitupu. Humo alikuwa akichapa kadi za harusi na ratiba za mazishi za kata nzima. Sasa mashine ilikuwa haiwaki, naye alikuwa amesema mbele yangu kwamba aliyeiua ni mkewe. Mkewe, Mama Neema, alikuwa ametoka asubuhi ileile na begi lake kwenda kwao Kahe. Nitayaeleza hayo. Lakini harufu ilinipeleka kwanza kwa Shangazi Aikande, na siwezi kuyaeleza ya mkwe wangu kabla sijamweleza yeye.

Shangazi Aikande alikuwa dada mdogo wa baba. Aliolewa, ndoa haikukaa, akarudi nyumbani na kikapu kimoja na sufuria. Ninyi mliokua kwenye vihamba, haya mashamba ya migomba ya huku mlimani, mnajua mwanamke aliyerudi alivyokuwa anaishi. Alikula baada ya wote, alilala jikoni karibu na ng'ombe, na kitu chochote kilichopotea, jina lake ndilo lililotajwa kwanza. Kijiko kikipotea, Aikande. Maziwa yakipungua kwenye kibuyu, Aikande. Mama yangu hakuwa mtu mbaya, ila naye alikuwa na desturi ya kumtazama mikono kabla ya kumjibu salamu.

Baba alikuwa na redio. Ilikaa juu ya rafu aliyoichonga mwenyewe, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna mwanamke wala mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Jioni wanaume wa jirani walikuja na vibuyu vyao vya mbege, pombe yetu ya ndizi, wakakaa kwenye vigoda, baba akafunua kitambaa polepole kama anayemfunua mtoto aliyelala. Akazungusha kitufe. Sauti ikatoka. Na mimi nikiwa nimebanwa nyuma ya mlango nilisikia ile harufu, chuma na vumbi la joto, nikaamini ndiyo harufu ya habari zenyewe. Niliamini watu wa mjini wananuka hivyo.

Betri zikachoka. Nakumbuka sauti ilivyoanza kufifia, wanaume wakasogea mbele na vigoda vyao, wakawa kama watu wanaoota moto. Betri mpya zilikuwa hazipatikani kirahisi. Lakini ikatokea jambo la ajabu: jioni moja sauti inafifia, jioni inayofuata imerudi na nguvu. Baba akasema redio yake ni imara. Akasema ilitengenezwa na watu wasio na mchezo.

Mimi peke yangu nilijua kuna kitu. Nilikuwa nimemwona Shangazi.

Asubuhi, baba akishakwenda shamba la chini na mama akiwa anakata majani ya ng'ombe, Shangazi Aikande aliingia ndani bila kandambili. Akatoka na mkono ndani ya khanga. Akaenda mpaka kwenye kichanja cha kahawa, pale tulipoanika, akainama kama anayepindua kahawa. Mkono uliingia ndani ya khanga na kutoka. Nilipomwona mara ya kwanza nilikuwa nimejificha kwenye migomba. Alasiri alirudi tena, akainama tena, akaingia ndani.

Mtoto haulizi, mtoto anajiundia. Mimi nilijiundia kwamba Shangazi anamwibia baba habari. Niliwaza kwamba habari zinakaa ndani ya zile betri, zikiwa mbichi, na kwamba yeye anazianika pamoja na kahawa ili zikauke, azipeleke chama cha ushirika zikapimwe kwenye mizani. Msicheke. Kila kitu cha thamani nyumbani kwetu kilianikwa kwanza kwenye kichanja kile. Kwa nini habari isianikwe? Nikawa namchungulia kila siku. Akinipa kiburu, ndizi na maharage, kutoka chungu chake, nilikula huku nikimtazama vidole.

Baba mdogo Ndesario ndiye aliyezikuta. Alikuja kusaidia kupindua kahawa, akachota kwa viganja, na katikati ya punje zile nyeupe zikatokea betri.

"Kaka," alimwita baba, "siku hizi mnavuna na hizi?"

Baba alikuja. Alizitambua. Aliingia ndani, akafunua kitambaa, akafungua mgongo wa redio mchana kweupe, na harufu ile ikatoka ikajaa chumba. Ndani palikuwa patupu.

"Aikande."

Shangazi alitoka jikoni akifuta mikono. "Nilikuwa nazipasha jua, kaka. Zikipata joto zinaamka."

Baba mdogo Ndesario alicheka mpaka akashika kichanja. "Zinaamka. Betri imekuwa kifaranga sasa. Kesho utaiatamia."

"Nani anakungoja barabarani?" baba aliuliza. Hakucheka. "Sema tu. Yule muuza vitunguu wa Kahe anayepita hapa na punda, siyo? Unampa betri zangu."

"Kaka, kama ningempa, jioni redio ingesema na nini?"

Lilikuwa swali zuri. Nimelifikiria maisha yangu yote. Lakini siku ile halikujibiwa, kwa sababu watu wazima walikuwa wameshaamua, na mtu akishakuwa mwizi machoni pa watu, kila neno analosema linakuwa ushahidi. Mama alisema taratibu kwamba amekuwa akimwona akiingia ndani bila kandambili. Na anayeingia bila kandambili hataki kusikika. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Shangazi aliondoka na kikapu kilekile alichokuja nacho, akakata katikati ya migomba akateremka. Alifika Kahe. Na yule muuza vitunguu, ambaye naamini mpaka siku ile hawakuwa wamesemezana zaidi ya salamu, ndiye aliyemwoa.

Redio ilisema jioni ile, na jioni iliyofuata kwa sauti ya mgonjwa, kisha ikanyamaza. Wanaume wakaja, wakakaa, wakanywa, wakaondoka. Baba aliitikisa. Aliipiga kofi ubavuni. Alitoa betri akazifuta kwa khanga ya mama, akazirudisha kichwa chini miguu juu. Haikusema neno. Watu wakasema Aikande ameiachia mkono mbaya, na mimi nikaamini, nikawa sikivuki kizingiti cha chumba kile.

Mpaka baba alipokwenda Kwa Sadala siku ya soko. Kule kulikuwa na rafiki yake wa kipaimara, Mzee Eliafoo, mwenye kibanda cha kushona nguo. Alimkuta juu ya ngazi, anapanga betri kwenye bati la kibanda chake. Baba akauliza anafanya nini. Akajibiwa kama mtu anayeulizwa kwa nini anakula: anazipasha jua, zikipata joto zinaamka.

Hayo alimwambia mama, nami nilikuwa nyuma ya mlango. Alisimulia kwa sauti ya chini, hakunywa chai yake.

Nanyi mnajua linalotakiwa hapo. Mtu wa kwetu akimkosea mwenzake mpaka mdomo haufai tena, huchuma isale, lile jani refu la mpaka wa kihamba, akampelekea mkononi. Anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Baba alilichuma siku ileile. Akalichomeka kwenye paa juu ya mlango. Likakaa. Leo mvua, kesho kahawa, kesho kutwa mkutano wa usharika. Kila nikitoka niliona lile jani juu yangu linazidi kukunjamana. Nadhani alikuwa anaona aibu kushuka mbele ya mtu aliyemwita mwizi, ambaye sasa anaishi na muuza vitunguu aliyemsingizia naye. Msimu mzima wa kahawa ulipita. Alipokwenda alichuma jipya.

Alirudi peke yake. Mama akamuuliza, "Amelipokea?"

"Amelipokea. Amenipikia wali. Amenipa na vitunguu."

"Sasa yuko wapi?"

"Kwake," baba alisema.

Shangazi Aikande hakupanda tena mlima. Amezikwa Kahe, pembeni ya mfereji, mbali na migomba ya babu zake.

Sasa ya Mama Neema.

Jina lake ni Anjela, binti wa Kahe, na ndiyo kusema alipokuja kuolewa kwangu watu walishasema kwamba watu wa tambarare hawajui kutunza kitu. Ndeshi, binti yangu mkubwa mwenye duka la nguo Kwa Sadala, alilisema waziwazi kwenye harusi. Mimi sikulisema. Ila nami, nilipomwona anakuja na kuku wake kutoka Kahe kama mahari, nilihesabu kuku wangu.

Kompyuta ilipokuja, Aminiel aliweka sheria zake kama za baba. Asiguse mtoto. Usiingie na chai. Akaifunika kitambaa cha kufuma, nacho alikipata wapi kama si kwangu. Alikuwa anafundisha shule ya msingi, anaondoka asubuhi, anarudi alasiri anawasha mashine yake. Inanguruma, kioo kinawaka, anaanza kugonga majina ya bibi harusi.

Ukaingia mwezi wa saba, mlima ukajifunika. Ninyi wa huku mnaujua ukungu ule. Unaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi, chumvi inalia kwenye kopo, viatu vinaota unga wa kijani. Ndipo nilipoanza kumwona Mama Neema akiingia kile chumba mumewe akiwa kazini. Anaingia, anafunga mlango. Nikipita, chini ya mlango kuna mwanga. Mchana.

Nilinyamaza siku kadhaa nikiwa na mashaka yangu. Ndeshi ndiye aliyeyapa mdomo, siku alipopanda kuja kunisalimia.

"Mama, huyu anafanya nini humo ndani?"

"Anafagia."

"Anafagia na taa? Mama, zile mashine watu wanaandikiana humo. Sasa huyu anamwandikia nani, na mumewe yuko shule?"

"Haina waya wa simu," nilisema.

"Wewe unaujua waya wa simu unavyofanana?"

Sikuujua. Alasiri Aminiel alipofika, dada yake alimpa habari kabla hajavua viatu. Aminiel akaingia chumbani, akashika kioo, akakikuta kina joto. Akashika sanduku, lina joto. Alimwita mkewe.

"Umewasha kompyuta yangu?"

"Hapana, Baba Neema."

"Ina joto kama chungu. Umeiwasha?"

"Sijaiwasha."

"Na taa mchana kutwa? Unajua umeme wa humu ndani unalipwa na nani?"

Mama Neema alikaza khanga kiunoni. Nilimtazama mikono, kama mama yangu alivyokuwa anamtazama Shangazi. Aminiel alifunga chumba kwa ufunguo akautia mfukoni, tangu siku hiyo akawa anaondoka nao.

Baada ya wiki hivi kompyuta ikakataa kuwaka. Alibonyeza kitufe, feni ikavuma, kisha sanduku likaanza kulia, tii, tii, tii, na kioo kikabaki cheusi. Alichomoa, akachomeka. Akahamishia plagi kwenye soketi ya redio. Akakaza waya wa kioo, akahesabu pini zake kwa tochi, akapuliza kila tundu mpaka macho yakamtoka maji. Akaomba kioo cha mwenzake wa usharikani, akakiunga. Nacho kikabaki cheusi. Aliweka sikio kwenye sanduku kama daktari. Kila akibonyeza ni tii, tii, tii. Na kulikuwa na harusi Jumamosi, kadi hazijatoka.

Asubuhi ile, mbele yangu, alimwambia mkewe: "Nilipochukua ufunguo ulikasirika. Kuna kitu ulikigusa kabla."

"Sijagusa kitu."

"Basi sema ulikuwa unafanya nini mle."

"Nikisema utaniamini?" aliuliza Mama Neema.

Mwanangu alichelewa kujibu. Hakuchelewa sana, ila mwanamke hupima kuchelewa kama hivyo. Mama Neema akaingia ndani, akatoka na begi. Akanipitia jikoni. "Mama, Neema akitoka shule apate chai kwanza, asinywe maziwa yaliyolala. Kwaheri." Akateremka kwenye ukungu kwenda Kwa Sadala kungoja gari. Aminiel hakumzuia kwa sababu Fundi Rogati alikuwa anaingia getini.

Rogati ni kijana wa Kibosho, ana kibanda mjini maeneo ya Mawenzi. Alinisalimia shikamoo, akakaa sakafuni, akafungua skrubu, akang'oa kifuniko. Ndipo ikatoka harufu ile, na mimi nikashika ukingo wa mlango.

Alivuta vibao viwili vidogo vyenye meno ya dhahabu, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Meno yalikuwa na ukoko wa kijani, kama viatu vyetu.

"Unyevu," alisema. "Mwalimu, chumba hiki kinalia. Hii imeanza kuliwa siku chache tu. Siku zote mlikuwa mnafanyaje?"

"Hatufanyi kitu," alisema Aminiel.

"Mnafanya. Ukungu una mwezi sasa. Mashine za jirani zako nimeshazitibu wiki mbili zilizopita." Akachukua kifutio cha Neema kilichokuwa mezani, akaanza kusugua yale meno taratibu. Kisha akainama kutafuta skrubu iliyomwanguka, akaingiza mkono chini ya meza, nyuma ya sanduku. Akatoka na kopo la mafuta ya kupikia, limetobolewa matundu, ndani yake balbu na waya.

"Na hii taa ya vifaranga?" aliuliza. "Mnafuga humu?"

Aminiel alilitazama kopo. Mimi nililitambua. Mama Neema alikuja nalo kutoka Kahe pamoja na kuku wake. Vifaranga wakitotolewa siku za baridi hulala wamelizunguka. Niliona kila kitu kwa mara moja: mwanga chini ya mlango, kioo chenye joto bila kuwashwa. Nikaona na kichanja cha kahawa na mkono unaoingia ndani ya khanga.

"Alikuwa anaipasha joto," nilisema.

"Nani?"

"Mkeo. Anaipasha joto mchana ukiwa kazini, ili alasiri uikute inaamka. Ulipofunga mlango ndipo ilipoanza kufa."

"Sasa kwa nini asiseme?"

 Akainamisha kichwa mwenyewe.

Rogati alirudisha vibao, vikaingia kwa mlio mdogo. Akabonyeza. Feni ikavuma, sanduku likalia mara moja tu, kioo kikawaka. Aminiel hakuangalia hata. Alikuwa anasema jioni atashuka Kahe, au Jumamosi baada ya harusi, akishamaliza kadi, aende kwa utulivu, azungumze na wazee.

Niliposikia Jumamosi, miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nilitoka na kisu cha migomba mpaka kwenye mpaka wetu na wa jirani, nikakata isale na kipande cha shina lake, nikarudi nikamwekea mkononi.

"Mama, hili ni la mambo makubwa. Ni la damu. Watu wataniona barabarani."

"Wakuone. Nenda sasa hivi, bila koti."

"Gari labda limeshaondoka."

"Leo ni siku ya soko. Halijajaa bado. Kimbia, Aminiel."

Alikimbia. Nilimwona, jani likipigapiga mkononi kwenye ukungu, kisha sikumwona.

Fundi Rogati alikunywa chai, akaondoka. Mimi nilikaa chumbani na ile mashine inayonguruma, nikawasha taa ya kopo nikaiweka pale chini, na sikujua ninamwashia nani. Neema akatoka shule, akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia yupo Kwa Sadala. Nikajisikia ninasema kama baba siku ile aliporudi peke yake.

Nilisikia nyayo kabla ya kuona watu. Mama Neema alitangulia, begi kichwani, isale mkononi. Aminiel alikuja nyuma na tope mpaka magotini. Nyuma yao mbali kidogo alikuja Ndeshi, aliyeacha duka lake ili aone mwisho.

Mama Neema hakunisalimia kwanza. Alikwenda chini ya dirisha la kile chumba, akafukua udongo kwa kisigino, akalichomeka isale pale. Akasimama akapangusa viganja. Akamgeukia mumewe, akanyoosha mkono.

"Ufunguo."

Aminiel alitia mkono mfukoni.

"Anampa ufunguo," Ndeshi alininong'oneza. "Mama, hujiulizi atakuwa anafunga nini mle?"

Mama Neema aliufunga ufunguo kwenye pindo la khanga, mafundo mawili, akaingia ndani kumpa mtoto chai.

Kompyuta ile imekufa siku nyingi kwa uzee wake, na sanduku lake kuku wanatagia. Isale limekuwa kichaka kinachoziba nusu ya dirisha. Ufunguo sijauona tena tangu siku ile, na sijawahi kuuliza uko wapi.